Kuuza Kwanta Kabla Haijaiva

Mwaka 2021 kampuni ya IonQ ya Maryland, Marekani, iliingia kwenye soko la hisa la New York, ikiwa ya kwanza kuorodheshwa miongoni mwa kampuni ambazo kazi yao ni kompyuta za kwanta tu. Mapato yake ya mwaka huo yalikuwa kama dola milioni 2, ilhali thamani yake sokoni ilihesabiwa kwa mabilioni. Mwaka 2024 mapato yalifika dola milioni 43, na hasara ikapita dola milioni 300. Hesabu hizo si siri, zimechapishwa kama sheria inavyotaka. Nazo zinaonyesha kazi anayokabidhiwa mkuu wa bidhaa katika kampuni ya namna hii: wawekezaji wamekwisha kulipia kitu ambacho wahandisi bado hawajakikamilisha, na yeye ndiye wa kuamua nini kitauzwa kwa sasa, kwa nani, na kwa ahadi gani.

Wengi huamini kwamba uamuzi mzito katika kampuni changa ya kwanta ni wa fizikia: watumie saketi zilizopozwa au ioni zilizonaswa, fotoni au atomi zisizo na chaji. Nikizitazama kampuni zilizodumu na zilizoanguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, naona uamuzi mzito zaidi ni mwingine. Mteja wa kwanza ni nani, na je, shida yake ilikuwapo kabla hajalisikia neno kwanta?

Fani hii ina matawi matatu, na hayaivi kwa pamoja. Lipo la vipimo, yaani saa za atomi na vifaa vya kupima mvutano wa dunia au usumaku. Hivi vimekwisha kutoka maabarani. Lipo la mawasiliano na ulinzi wa siri, ambalo limekuwa na bidhaa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu lipo la kompyuta, ndilo linalovuta fedha na vichwa vya habari. Msingi wa kompyuta hiyo ni kyubiti, kipashio cha taarifa kinachoweza kuwa katika mchanganyiko wa sufuri na moja kwa wakati uleule. Kyubiti nyingi zikifungamanishwa hufanya hesabu za aina fulani kwa njia ambayo kompyuta ya kawaida haina. Tatizo ni kwamba joto dogo au mtikisiko mdogo huziharibu, na makosa yake bado ni mengi mno kwa hesabu ndefu.

Umbali uliobaki hupimwa kwa makadirio, na makadirio yenyewe hayatulii. Mwaka 2019 wataalamu wawili walikokotoa kwamba kuvunja ufunguo wa biti 2048 wa mfumo wa usimbaji fiche wa RSA kungehitaji kyubiti milioni 20 zikifanya kazi kwa saa nane. Mei 2025 mmoja wao, Craig Gidney wa Google, alishusha makadirio hayo hadi chini ya milioni moja, kwa muda usiozidi wiki. Mashine nyingi zilizopo zina kyubiti kwa makumi na mamia. Litazame jambo hilo kwa jicho la mkuu wa bidhaa: hakuna mashine iliyoguswa, lakini lengo lilisogea karibu mara ishirini kwa sababu ya hesabu za mtu mmoja. Mpango wa miaka kumi ulioandikwa mwaka 2019 kwa kutegemea namba ile ya kwanza ulizeeka bila kosa la aliyeuandika. Kwa hiyo mpango unaofaa hapa ni ule unaotaja wazi dhana zilizoubeba, na unaofunguliwa upya kila dhana mojawapo inapobadilika.

Upande wa pili, ule wa kompyuta za kawaida, nao hausimami. Oktoba 2019 Google ilitangaza kwamba chipu yake ya Sycamore, yenye kyubiti 53, ilikuwa imefanya kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingeihangaikia kwa miaka 10,000. IBM ikajibu mara moja kwamba kwa mpangilio bora wa kumbukumbu kazi ile ingechukua siku mbili na nusu. Juni 2023 zamu ikawa ya IBM yenyewe: ilichapisha matokeo ya chipu ya kyubiti 127 ikisema yamefikia kiwango cha manufaa, na haikupita muda wataalamu wengine wakayapata matokeo yale kwa kompyuta za kawaida, wengine kwa mashine ndogo tu. Mshindani halisi wa kampuni changa ya kompyuta za kwanta, basi, ni ile kompyuta ambayo mteja anayo tayari mezani, pamoja na akili ya wataalamu wanaozidi kuinoa.

Ukitaka kuona jinsi jambo hili linavyomfika mtu kazini, angalia jaribio la kulipiwa. Mteja wa kawaida ni idara ya utafiti ya kampuni kubwa: benki, kiwanda cha magari, shirika la usafirishaji. Ina bajeti ndogo ya kujifunza mambo mapya, na inasaini mkataba wa miezi michache. Wiki ya kwanza mteja analeta tatizo lake kama lilivyo: malori mia tatu, maghala kumi na mawili, madereva wenye saa za mapumziko zilizowekwa na sheria, barabara zinazofungwa bila taarifa. Wiki ya pili wanafizikia wanaligeuza kuwa lugha ya mashine na kugundua kwamba halienei. Linapunguzwa hadi malori arobaini, kisha kumi na mawili, kisha sita. Saa za mapumziko zinaondolewa kwa sababu zinakula kyubiti. Barabara zinachukuliwa kuwa wazi siku zote. Mwishoni malori sita yanapangiwa njia zao, mchoro unaonyeshwa kwenye kikao, taarifa kwa vyombo vya habari inaandikwa, na kila mtu anashukuriwa. Kompyuta mpakato ya mtu yeyote aliyekaa kwenye kikao kile ingeyapanga malori hayo kwa muda usiofika sekunde moja.

Mteja yule hakutapeliwa. Alinunua elimu, na elimu ni bidhaa halali ikiuzwa kwa jina lake. Hatari inaanza pale kampuni inapoyahesabu majaribio kama hayo kuwa dalili ya soko. Mkataba wa kwanza unasainiwa kwa shauku, wa pili kwa heshima, na wa tatu hausainiwi, kwa sababu mkuu wa fedha wa kule kwa mteja atauliza malori yamepungua mangapi. Mkuu wa bidhaa anayejua kazi yake huandika tangu mwanzo, ndani ya mkataba wenyewe, kwamba matokeo yatalinganishwa na njia bora ya kawaida iliyopo. Ulinganisho huo utaumiza mara nyingi. Lakini ndio unaomwambia ni tatizo lipi liko karibu na ni lipi liko mbali, na hakuna utafiti wa soko utakaompa taarifa hiyo kwa bei nafuu zaidi.

Bei nayo ina ugumu wake. Mei 2016 IBM iliweka mashine ya kyubiti tano kwenye wingu, mtu yeyote akaweza kuitumia bure. Tangu hapo kampuni ndogo inayouza muda wa mashine inashindana na jitu linaloutoa muda huo kama sadaka ya kukuza fani. Huwezi kumshinda mtoa bure kwa kupunguza bei. Inabidi uuze kitu ambacho yeye hakitoi.

Kampuni zilizoelewa hivyo mapema zilienda mbali na kompyuta yenyewe. Bluefors ya Helsinki, Finland, ilianzishwa mwaka 2008, miaka minane kabla ya mashine ile ya IBM kufika mtandaoni. Inatengeneza majokofu yanayotumia mchanganyiko wa heli-3 na heli-4 kushusha joto hadi kama sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sufuri kamili, baridi inayozidi ile ya anga za mbali zaidi ya mara mia. Picha zile za kompyuta za kwanta tunazoziona magazetini, zenye sahani za rangi ya dhahabu zinazoning'inia moja chini ya nyingine na nyaya zilizopindwa kwa mpangilio, kwa sehemu kubwa ni picha za jokofu. Chipu ni ndogo na imefichwa chini kabisa. Bluefors haikuhitaji kujua nani atashinda. Wanafizikia wa joto la chini walikuwa wateja wake kabla wimbi halijaja, na wimbi lilipokuja, kila aliyechagua saketi zilizopozwa alihitaji kifaa kile. Anayewauzia mafundi wa majahazi misumari na pamba ya kalafati hupata riziki yake hata kabla jahazi halijashushwa majini. Quantum Machines ya Israel, iliyoanzishwa 2018, ilichukua njia hiyohiyo kwa vifaa vya kielektroniki vya kuziongoza kyubiti, za aina yoyote.

ID Quantique ya Geneva ilitoka chuo kikuu mwaka 2001 ikiwa na bidhaa mbili: kifaa cha kuzalisha namba nasibu kwa fotoni, na mfumo wa kusambaza funguo za siri kwa njia ya kwanta. Cha pili ndicho kilichoipa umaarufu. Oktoba 2007 mfumo huo ulilinda usafirishaji wa matokeo ya uchaguzi katika jimbo la Geneva. Lakini ukiniuliza ni kipi kilichofundisha zaidi kuhusu soko, nitakitaja kile cha kwanza. Namba nasibu zinahitajika katika bahati nasibu, michezo ya kubahatisha na usalama wa kompyuta. Wanunuzi walikuwapo, na hawakuhitaji kuibadili mitandao yao. Kifaa kile kikafinywa kikawa chipu, na mwaka 2020 chipu hiyo iliingia ndani ya simu ya Samsung iliyouzwa Korea Kusini pamoja na SK Telecom. Bidhaa nyenyekevu ilifika mikononi mwa umma kabla ya ile yenye fahari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye mlima wa moto. Muquans ilianzishwa 2011 huko Bordeaux, Ufaransa, na watafiti wa atomi baridi. Walichagua kutengeneza kipimo cha mvutano wa dunia. Ndani yake leza zinapoza wingu la atomi za rubidi hadi karibu zitulie kabisa, kisha atomi hizo zinaachiwa zianguke ndani ya ombwe, na leza hizohizo zinasoma kasi ya anguko kwa kutumia tabia ya mawimbi ya atomi. Zoezi linarudiwa tena na tena, mchana na usiku, na hugundua mabadiliko ya mvutano ya kiasi cha sehemu moja ya bilioni. Mwaka 2020 kifaa hicho kilipandishwa Etna, Sisilia, kikawekwa kwenye kituo kilicho mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, karibu na kreta. Hapo kuna vumbi la volkano, mtikisiko usiokoma, umeme wa mashaka na theluji ya majira ya baridi. Wataalamu wa volkano walitaka kujua kama magma inasogea chini ya miguu yao, na mvutano hubadilika uzito unaposogea. Swali hilo walikuwa nalo miaka mingi. Vifaa vya zamani vya springi vilikuwa vikipoteza usahihi taratibu na kuhitaji kurekebishwa. Kipimo cha atomi hakiupotezi hivyo, kwa sababu atomi ya rubidi ya leo ni sawasawa na ya mwakani.

Ona jinsi mahitaji ya bidhaa yalivyobadilika mara kifaa kilipolengwa mlimani. Usahihi wa hali ya juu kabisa haukuwa tena jambo la kwanza. Jambo la kwanza likawa kwamba mtu asiye mwanafizikia wa leza aweze kukiwasha, kwamba kivumilie mtikisiko, na kwamba data zifike mjini bila mtu kupanda kuzichukua. Wahandisi wa maabara huona kazi ya namna hiyo kuwa ya chini; kwa mkuu wa bidhaa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2021 Muquans ilinunuliwa na iXblue, ambayo sasa ni sehemu ya Exail. Haikuwa kampuni ya mabilioni, ila ilifika sokoni.

Njia ya kinyume kabisa ni ya PsiQuantum ya California. Wao walisema tangu mwanzo kwamba mashine ndogo zenye makosa hazina soko la kudumu, kwa hiyo hawatauza mashine za kati. Watajenga moja kwa moja mashine ya kyubiti zipatazo milioni kwa kutumia fotoni, chipu zikitengenezwa katika kiwanda cha kawaida cha GlobalFoundries. Aprili 2024 serikali ya Australia na ya Queensland ziliahidi dola za Australia milioni 940 ili mashine ijengwe Brisbane, na Septemba 2025 kampuni ikakusanya dola bilioni moja zaidi. Mkakati huu una mantiki thabiti na ninauheshimu. Hauwapotezi wahandisi kwa majaribio ya malori sita. Lakini unamfaa tu mwenye mfuko wenye kina kirefu, na mwenye kuuiga bila fedha hizo atafika katikati ya bahari bila maji ya kunywa.

D-Wave, iliyozaliwa Kanada, ilipita katikati, na historia yake ni ndefu kuliko ya wote. Ilianzishwa 1999, ikachagua aina ya mashine isiyofanya kila hesabu bali inayotafuta jibu bora kati ya mengi, na mwaka 2011 ikaiuzia kampuni ya silaha na ndege ya Lockheed Martin mfumo wa kyubiti 128. Wanafizikia wengi walipinga madai yake, na mwaka 2014 jarida la *Science* lilichapisha majaribio ambayo hayakuona kasi yoyote ya kipekee ya kwanta katika mashine iliyofuata. Kampuni ikaendelea kujenga, kusikiliza wateja na kuuza huduma kwenye wingu. Mwaka 2023 na 2024 mapato yake yalikuwa karibu dola milioni 9 kila mwaka. Robo karne ya kazi, mteja mashuhuri tangu mwanzo, na bado mapato ya kampuni ya wastani ya usafirishaji. Somo ninalolipata hapa ni kwamba kupata mnunuzi wa kwanza mwenye jina kubwa hakuthibitishi soko, hasa ikiwa mnunuzi huyo ananunua kwa ajili ya utafiti.

Waliopata tabu zaidi ni waliojenga programu juu ya mashine ambazo hazijaweza kazi. Zapata, iliyotoka Harvard mwaka 2017, ilikuwa na wataalamu wa kiwango cha juu na wateja wakubwa. Programu yake ilipaswa kumwezesha mteja kutumia kompyuta za kwanta. Kompyuta zilipochelewa, ikajiita kampuni ya akili unde, ikaingia Nasdaq mwaka 2024, na Oktoba mwaka huohuo ikasimamisha shughuli. Jina lake lilifufuliwa mwaka uliofuata, lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Q-CTRL ya Sydney, iliyoanza mwaka uleule wa 2017, nayo iliuza programu, ila ilichagua shida iliyokuwapo: kupunguza makosa ya mashine za watu wengine. Kisha ikauhamishia ujuzi wake kwenye urambazaji wa ndege kwa kusoma usumaku wa ardhi, wakati marubani wanahangaika na mawimbi ya GPS yanayovurugwa kwa makusudi. Kampuni mbili, mwaka mmoja wa kuzaliwa, aina moja ya vipaji. Zilitofautiana katika mtu waliyeamua kumtumikia.

Ndani ya kampuni, mkuu wa bidhaa hukaa kati ya makundi mawili. Wanafizikia wanataka mwezi mmoja zaidi wa kuboresha kipimo ambacho mteja hakukiomba. Wauzaji wanataka ruhusa ya kuahidi tarehe. Wote wawili wanapaswa kukataliwa mara nyingi, na kukataa huko kunahitaji namba zinazoaminika. Idadi ya kyubiti si namba hiyo. Desemba 2023 IBM ilitangaza chipu mbili kwa siku moja: Condor yenye kyubiti 1,121 na Heron yenye 133. Heron, yenye makosa machache, ndiyo iliyowekwa mbele ya wateja. Mteja anayefikiri atauliza kiwango cha makosa, atauliza mashine huwa tayari kwa saa ngapi kwa wiki, na atauliza kama jibu la asubuhi litalingana na la alasiri baada ya mashine kurekebishwa. Kampuni isiyoweza kuandika majibu hayo kwenye ukurasa mmoja haina bidhaa, ina jaribio la maabara lenye tovuti nzuri. Ruzuku za serikali pia zinadai uangalifu: zinaokoa maisha, lakini kila ruzuku ina ripoti zake, na wahandisi bora huishia kuandika ripoti badala ya kumsikiliza mteja.

Huku kwetu jina la Nairobi limekwisha kufika katika fani hii. IBM, iliyofungua maabara mjini humo mwaka 2013, iliiita mashine yake mojawapo ya kyubiti saba kwa jina la ibm_nairobi, ingawa mashine yenyewe haikuwa Kenya. Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kiliingia mtandao wa IBM mwaka 2019. Wauzaji wa mifumo ya funguo za kwanta watafika pia kwenye benki zetu na kampuni za simu zinazobeba fedha za watu. Wakifika, wanunuzi wajue kwamba Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji fiche vinavyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, navyo ni programu za kawaida, bila fotoni. Shirika la usalama wa taifa la Marekani, NSA, halipendekezi funguo za kwanta kwa mifumo yake nyeti. Benki ya Dar es Salaam au Kampala inahitaji kwanza kujua ni wapi inatumia RSA, kisha kubadilisha.

Kwa maoni yangu kampuni changa ya kwanta ya Afrika Mashariki ingeanza kwenye vipimo. Zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, na uzito wa mvuke na maji chini ya Olkaria hubadilika kadiri visima vinavyovutwa. Goma iko chini ya volkano ya Nyiragongo, iliyomwaga lava hadi kingoni mwa mji Mei 2021. Kampuni hiyo isingetengeneza kipimo. Ingekikodi, ingekilinda dhidi ya vumbi na mvua, na ingeuza jibu kwa lugha anayoielewa mhandisi wa visima au mlinzi wa volkano. Mhitimu wa fizikia anayesoma haya na kuitamani sekta hii asisubiri jokofu lifike chuoni kwake. Aende kwa mhandisi yule, amuulize ni kipimo gani anakikosa kila mwezi, na aandike jibu lake kabla hajaandika mpango wowote wa biashara.